Nani Huruhusiwa Kuingia Nchi ya Ajabu?



Vijana wanaokutana jioni hapa Ng'ambo kusoma vitabu pamoja, Wakristo na Waislamu, wamekuwa na mabishano ambayo mtu mzima apitaye mlangoni angeweza kuyadharau. Wanabishana juu ya sura ya msichana ambaye hakupata kuishi duniani. Msichana huyo ni Alice, yule wa hadithi ya Mwingereza Lewis Carroll iliyochapishwa mwaka 1865, aliyemfuata sungura shimoni akajikuta katika nchi ambamo wanyama wana maneno mengi na subira kidogo. Je, katika kitabu cha Kiswahili Alice awe mtoto wa Kizungu, au awe mtoto wa hapa petu? Tumeombwa na vijana wenyewe tutoe maoni yetu katika kijitabu hiki cha Haki na Amani, nasi twayatoa, huku tukijua kwamba baadhi yao hawatayapenda.

Kwanza tuieleze kesi yenyewe, maana wengi huibishania bila kuifahamu. Kiswahili kimempokea Alice mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1940, shirika la Sheldon Press la London lilipochapa "Elisi katika Nchi ya Ajabu", tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies. Humo jina lilibadilika, na sura nayo ilibadilika. Michoro mashuhuri ya John Tenniel ilichorwa upya, na yule binti mwenye nywele ndefu za singa akawa mtoto wa Kiafrika. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2015, Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha SOAS huko London, alipotoa "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu". Alisi huyu amebaki kuwa mtoto wa Kiingereza. Kilichofanywa kuwa chetu ni lugha anayoisema.

Ajabu ni wakati ambapo kila jibu lilitolewa. Chini ya utawala wa kikoloni, katika kitabu kilichochapwa London, ndipo Elisi alipopewa ngozi nyeusi. Zaidi ya nusu karne baada ya uhuru, mikononi mwa mwanamke anayefundisha Kiswahili, ndipo aliporudishiwa Uingereza wake. Vijana wetu walipoelezwa hayo walicheka, kisha wakanyamaza, maana picha waliyokuwa nayo vichwani ilikuwa kinyume kabisa.

Wapo wanaoshikilia Elisi wa mwaka 1940. Hoja yao si nyepesi. Wanasema kwamba mtoto asomaye tangu utotoni kwamba maajabu huwapata wengine tu hujifunza, bila mtu kumfundisha, kwamba nafasi yake ni ya mtazamaji. Mlango mdogo wa bustani hufunguka kwa mwingine, na ufunguo wa dhahabu huwa mkononi mwa mwingine, naye hubaki ukingoni mwa ukurasa akichungulia. Wapo pia wanaomtetea Alisi wa mwaka 2015. Hao husema kwamba mgeni hupokewa kwa jina lake na kwa vazi lake, na kwamba hatumvui mgeni kanzu yake mlangoni ili tumpende. Tena, wanauliza, kama sisi twakasirika wageni wanapowageuza mashujaa wetu, kwa nini sisi tuwageuze wa kwao?

Ulimwengu mpana umejaa ugomvi wa namna hii. Mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin alipoandika mwaka 1968 hadithi yake ya mchawi kijana wa visiwani, alimpa ngozi ya hudhurungi kwa makusudi, na watu wengi wa visiwa vile akawapa rangi za namna hiyo. Mwaka 2004 televisheni ya huko ikamwonyesha kijana huyo akiwa Mzungu, na mwandishi akalalamika hadharani. Mwaka 2015 ilipotangazwa kwamba Noma Dumezweni, mwigizaji mweusi mzaliwa wa Swaziland, ndiye atakayeigiza nafasi ya Hermione katika tamthilia ya Harry Potter mjini London, wapo mashabiki waliokasirika kana kwamba wameibiwa. J. K. Rowling akawajibu kwamba weupe wa msichana yule haukuwa jambo alilolitaja kuwa la lazima. Watu hao waliweza kuamini fagio linaloruka na wasiweze kuamini msichana mweusi mwenye akili darasani. Hilo latuonyesha kwamba katika hadithi za ajabu msomaji hubeba begani mizigo yake yote ya duniani, na hupenda kuitua mahali palepale alipozoea.

Lakini mazungumzo haya yasiishie ng'ambo ya bahari. Katika kikao kimoja binti mdogo kuliko wote, wa kutoka Kikwajuni, aliuliza swali lililowasumbua pande zote mbili: mbona tunamgombania mtoto wa jirani, na wa kwetu hatujawahesabu? Yaani, katika hadithi zetu wenyewe za pwani, nani hupewa ufunguo, na nani hubaki ukingoni? Twaona kwamba hapo ndipo penye haki na amani, na mengine yote yaliyotangulia ni utangulizi.

Hadithi za ajabu hazikuletwa hapa na Wazungu. Mwaka 1870 Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alichapisha huko London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Humo mna paa, sungura, punda wa dobi, majini, na nyoka wa vichwa saba. Tuchukue ile ya Sultani Darai. Maskini aliyekuwa akipekua jaani ananunua paa kwa kisarafu alichookota. Paa huyo anamposea binti wa sultani, anamwua nyoka wa vichwa saba, anampatia bwana wake jumba na mali. Kisha paa anaugua, na bwana aliyepata kila kitu kwa jasho la mnyama huyo anamwonea kinyaa na kuamuru atendewe kama kitu cha kutupwa. Paa anakufa, mji mzima unamlilia, na bwana anaamka asubuhi akijikuta yupo jaani kama zamani.

Msomaji anayeujua mji huu katika karne ya 19 hawezi kusoma hadithi hiyo akamwona paa tu. Mji wa Unguja ulikuwa mji wa watumwa. Soko lao lilifungwa mwaka 1873, na biashara ya kuwanunua watu ikapigwa marufuku mwaka huo huo, ingawa utumwa wenyewe uliendelea kisheria hadi mwaka 1897 na kidogo baada yake. Katika mji huo yupo mtu aliyefanya kazi zote, akamtajirisha mwenziwe, akaugua, akatupwa. Msimulizi hakuweza kumtaja kwa jina wala kwa rangi, basi akampa pembe na kwato. Twadhani hadithi hiyo inamtendea mtumwa haki zaidi kuliko nyingine nyingi zinazomtaja waziwazi, ambamo mtumwa huingia akiwa na sinia na kutoka akiwa na sinia, hana jina, hana mama, hana ndoto aliyoota usiku. Mwenye mkusanyo huo nyumbani afanye jaribio dogo: ahesabu majina ya masultani, mawaziri na matajiri, kisha ahesabu majina ya wajakazi.

Ndiyo maana hatuwezi kukubali wale wasemao kwamba suala hili la wahusika mbalimbali ni mtindo ulioletwa kutoka Marekani. Ubaguzi katika hadithi tunao hapa hapa, na dawa yake pia waandishi wetu walikwisha kuitafuta zamani.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliitafuta kwa njia yake. Katika "Kusadikika" ya mwaka 1951 na "Adili na Nduguze" ya mwaka 1952 hakumpa mtu kabila wala rangi. Aliwapa tabia, na tabia ikawa jina: Adili, Hasidi, Mwivu, Karama, Majivuno. Nchi yenyewe aliiweka angani au ughaibuni, mahali ambapo hapana Mzungu, hapana Mwarabu wala Mdigo. Tukumbuke kwamba aliandika chini ya serikali ya kigeni iliyomgawia kila mtu mshahara, shule na kitanda cha hospitali kwa rangi yake. Kumwandika mtu asiye na rangi katika nchi ya namna hiyo lilikuwa tendo la ujasiri. Msomaji wa Pemba, wa Ujiji au wa Lamu angeweza kumvika Adili sura aipendayo.

Hata hivyo dawa hiyo ina upungufu wake, na mabinti wa kikao chetu waliuona mapema kuliko wavulana. Kusadikika hupeleka wajumbe sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni na chini ardhini: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Wote ni wanaume. Nchi iliyobuniwa angani, isiyofungwa na sheria yoyote ya dunia, haikuweza kubuni mwanamke mmoja wa kupewa safari! Hatumlaumu marehemu kwa kipimo cha leo. Yeye ndiye aliyetuandikia maisha ya Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyetembeza vyungu, aliyesimangwa kwa sura yake na kwa ukoo wake, na ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928 na kusikika pwani nzima. Lakini mwanamke huyo alikuwa wa kweli. Katika nchi ya kubuni mwandishi hakumwona wa mfano wake. Mtu asiye na sura maalumu, basi, mara nyingi huishia kuwa na sura ya yule tuliyemzoea kwenye kiti cha mbele.

Upande mwingine wa jambo hili ni vile vitabu tulivyotafsiriwa. Mwaka 1929 kilitoka "Mashimo ya Mfalme Sulemani", tafsiri ya kitabu cha H. Rider Haggard, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wakakisoma kwa furaha kubwa. Sisi pia tulikisoma seminari, chini ya blanketi, kwa mwanga wa tochi, na hatukanushi utamu wake. Waingereza watatu wanatafuta almasi. Mtumishi wao Umbopa anadhihirika kuwa mfalme halali, na hilo ni jambo zuri. Lakini yupo Foulata, msichana mweusi anayempenda mmoja wa Wazungu hao na kumwuguza. Foulata anauawa, na katika kitabu cha asili msimulizi haoni haya kusema kwamba kufa kwake kumeepusha matatizo. Mvulana wa miaka kumi na minne hupita juu ya sentensi ya namna hiyo mbio akiiwahi almasi. Msichana wa umri huo hasa ndiye anayesimama, akasoma mara mbili, akajiuliza kama ameelewa vizuri.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Neno Ng'ambo maana yake ni upande wa pili. Mji wa mawe ulikuwa ndio upande wa kwanza; baina yao palikuwa na mkono wa bahari, na daraja, ambalo jina lake bado lipo Darajani ingawa maji yalikwisha kufukiwa. Upande huu waliishi watumwa walioachwa huru, wachukuzi, wavuvi, mafundi, watu wa bara, Wangazija, wenyeji wa mashamba waliokuja kutafuta kazi. Mwaka 1928 watu wa upande huu waligoma kulipa kodi ya viwanja vya vibanda vyao. Baada ya Mapinduzi zikajengwa nyumba ndefu za Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ni sehemu yenye historia ya kumwaga wino, lakini katika hadithi za ajabu wanazosoma vijana, jini huishi katika jumba la mawe lenye mlango wa nakshi, hazina hufukiwa chini ya kasri, na binti mfalme huchungulia kutoka baraza ya juu. Ghorofa ya sita ya Michenzani hakuna jini aliyewahi kushuka. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, jambo la haki kabisa. Lakini mtoto wa Ng'ambo asiambiwe kwa hiyo kwamba urithi huanzia ng'ambo ya pili ya barabara.

Katika riwaya zisizo za ajabu mambo yamekwenda vizuri zaidi. Adam Shafi katika "Vuta N'kuvute" ya mwaka 1999 alimchukua Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mtu mzima, akamvusha hadi Ng'ambo nyumbani kwa Mwajuma. Amil Shivji akaifanya filamu mwaka 2021. Tunaipenda riwaya hiyo kwa sababu Yasmin hakuletwa ili awe mfano wa Wahindi, wala Mwajuma hakuwekwa ili awe mfano wa watu wa Ng'ambo. Wanakula pamoja, wanagombana, wanafichiana siri. Ni watu.

Pengine msomaji atasema: Mapadre, haya ni mambo ya vitabu, na njaa ipo mlangoni. Twamwomba avumilie aya chache zijazo.

Mwaka 1995, miezi ile ya kuelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, ilianza huko Pemba hofu ya kiumbe kiitwacho Popobawa, kikavuka bahari hadi Unguja. Wenye umri wanakumbuka: familia nzima zililala nje, zimekoka moto, hakuna aliyethubutu kufumba macho peke yake chumbani. Popobawa ni kiumbe cha ajabu kama vilivyo vingine vyote. Jina lake hutaja ubawa wa popo. Lakini hofu ilipokomaa ikatafuta uso. Hapa Unguja umati wa watu ulimwua kijana mmoja kwa kudhani kwamba ndiye. Alikuwa mgonjwa wa akili, mgeni kutoka bara, aliyekuja kutafuta matibabu. Katika mji wenye maelfu ya nyuso, uso uliochaguliwa kuvikwa mabawa ulikuwa wa mtu asiyejulikana, asiye na jamaa wa kupiga kelele, asiyeweza kujieleza. Haikutokea kwa bahati. Hadithi zilikwisha kuwazoeza watu kumtazamia shetani katika sura ya mgeni na ya mwendawazimu.

Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wenye ualbino. Tangu utoto tumesikia kwamba wao hawafi bali hupotea, kwamba si watu hasa bali ni mizuka. Ilikuwa hadithi ya jikoni, ya kuwatisha watoto wasitoke usiku. Kuanzia mwaka 2006 hivi, katika mikoa ya bara hasa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino walianza kuwindwa na kukatwa viungo kwa ajili ya biashara ya waganga, watoto wakiwemo. Hatusemi kwamba hadithi ya jikoni ilishika panga. Waliolishika ni watu, tena kwa tamaa ya fedha. Lakini aliyeambiwa tangu utotoni kwamba jirani yake hafi, huko nyuma alikwisha kupunguziwa kizuizi kimoja. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 13 Juni, kuanzia mwaka 2015, iwe siku ya kuwakumbuka. Sisi tungetamani pia kuona riwaya moja tu ya ajabu ya Kiswahili ambamo mwenye ualbino ndiye anayeufuata mwanga shimoni na kurudi na habari.

Visiwa hivi vina sababu ya pekee ya kuyaogopa maneno yanayomfanya mwenzetu kuwa kiumbe cha hadithi. Katika ile inayoitwa zama za siasa, kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, magazeti na mikutano ya pande zote yalichora watu kwa makundi: huyu mnyonyaji tangu enzi za babu zake, yule mshenzi aliyekuja juzi na kapu. Juni 1961 uchaguzi uliishia kwa mauaji ya watu 68, walio wengi wao wakiwa Waarabu. Mwaka 1964 waliuawa wengi zaidi. Kabla ya mkono kuinuka, macho yalikuwa yamekwisha kuzoea kuona mfano badala ya mtu. Tunapomtetea mhusika mwenye jina na mama na ndoto, basi, hatutetei urembo wa vitabu.

Sisi wa Kanisa tunalo la kusema juu ya nyumba yetu pia. Mitaguso na hati zetu husema kwa sauti moja kwamba kila mwanadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitamka kwamba kila ubaguzi wa jinsia, taifa, rangi, hali, lugha au dini lazima ushindwe. Kisha tunatundika kalenda ambayo ndani yake malaika wote ni watoto wa Ulaya, na shetani aliye chini ya mguu wa Mikaeli ana rangi ya mkaa. Mtoto wa katekisimu hatuulizi kwa nini. Ameshajibiwa na karatasi ukutani.

Basi Alice awe nani? Maoni yetu ni kwamba Alisi wa mwaka 2015 ndiye wa haki zaidi, na tunajua kwamba hapa ndipo tutakapopoteza marafiki. Elisi wa mwaka 1940 alipakwa rangi yetu kwa nia njema, hatuna shaka. Lakini chini ya rangi hiyo mambo yote yanayomcheza ni ya nyumba ya Kiingereza, chai ya alasiri, karata za malkia, mashairi ya darasani ambayo mtoto yule anayakosea. Mtoto wa Ng'ambo akimwona Elisi ana sura yake na hajui kitu chochote kati ya vile anavyovijua yeye, atajifunza somo jingine baya: kwamba sura yake inaweza kukopeshwa kwa shughuli za watu wengine. Heri amwone Alisi akiwa mgeni kamili anayesema Kiswahili fasaha, na acheke naye kama anavyocheka na mgeni yeyote mwenye visa. Mtoto ana uwezo wa kumpenda asiyefanana naye. Uwezo huo ndio hasa tunaoutaka, na kitabu kikimwonyesha kila mara uso wake mwenyewe kitauua.

Lakini neno hilo halisimami peke yake. Ni haki kumwacha Alisi awe Mwingereza pale tu rafuni kando yake pakiwa na kitabu kingine ambamo msichana wa Kikwajuni anatumbukia katika kisima cha hapa hapa. Kama kando yake hapana kitu, wenye kumshikilia Elisi wana haki ya kulia. Na kwa sasa rafu zetu ziko karibu tupu. Muhammed Said Abdulla alituonyesha njia kwa "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960 na "Kisima cha Giningi" mwaka 1968. Alimchukua mpelelezi wa mtindo wa Kiingereza, akamfanya Bwana Msa, Mzanzibari kamili katika kiko chake na fikira zake, pasipo kumpaka rangi mtu wa mwingine. Said Ahmed Mohamed aliandika "Babu Alipofufuka" mwaka 2001, ambamo mzimu wa babu unamtembeza mjukuu mkubwa wa cheo aone uozo wa nchi. Vitabu hivyo ni vya watu wazima. Kwa msomaji wa miaka kumi na mitatu, mwenye hamu ya ajabu na mwenye shilingi chache, ni kidogo sana kilichopo, na kilichopo mara nyingi hakifiki hapa.

Twaongeza onyo kwa vijana wetu wanaotaka kuandika, maana wawili watatu wamekwisha kutuletea madaftari. Mmoja alipanga wahusika wake kama mwenye duka anayepanga bidhaa: Mhindi mmoja, Mwarabu mmoja, Mmakonde mmoja, mlemavu mmoja, na wote wanapendana tangu ukurasa wa kwanza. Tulisoma kwa heshima tukashikwa na usingizi. Mmakonde wake hakuwa na kosa hata moja, na kwa hiyo hakuwa na uhai. Kumnyima mtu uovu katika hadithi ni namna nyingine ya kumnyima utu. Mwacheni awe mwongo kidogo, awe na wivu, aibe embe. Ila mwacheni pia afungue mlango mdogo wa bustani.

Wa pili, yule binti wa Kikwajuni, ameandika kurasa kumi na moja kuhusu lifti ya Michenzani ambayo haijafanya kazi tangu mama yake alipozaliwa, na usiku mmoja inafunguka. Anayeingia ndani ni msichana muuza maandazi, na jini wa humo ni mzee Mngazija mwenye hasira za kutokulipwa mshahara. Hajajua hadithi itaishaje. Ametuomba tusimwambie. Tumempa daftari jingine la kurasa 96, na kwa idhini yake sura ya kwanza itasomwa ukumbini Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri ya Waislamu na kabla ya mazoezi ya kwaya. Wazazi wanakaribishwa. Mwenye kitabu chochote kati ya tulivyovitaja, hata kama jalada limeng'oka, anaombwa akilete siku hiyo. Nakala ya "Kusadikika" tunayo moja tu na imepita mikono mingi.